Chesi ya bodi kubwa: mwalimu wa Kayole anauliza aanze na ipi

Swali limetoka kwa mwalimu mmoja huku Kayole, nimelifupisha kidogo: "Kochi, niko na kaklabu ka chesi shuleni, na jioni nacheza na baba mkwe, amestaafu na anaupenda huu mchezo sana. Shida ni kwamba mzee anasema amechoka, vijana wanakuja wamekariri muvu kumi na tano za kwanza kutoka kwa simu na yeye anabaki kupambana na kompyuta ya mtu. Nimesikia kuna chesi za bodi kubwa zenye kete za ziada. Ni michezo ya ukweli ama ni vituko? Tuanze na ipi, vifaa tutatoa wapi, na watoto wangu hawataharibika?"

Mwalimu asante kwa swali, na umsalimie mzee sana, manake hayo malalamiko yake yana wenyewe wakubwa. José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alikuwa akisema karibu hivyo hivyo miaka ya 1920, kwamba wachezaji wa juu wanajua mengi mpaka mchezo utafika mahali kila gemu ni droo tu. Na ukiangalia mechi yake ya 1927 na Alexander Alekhine, yule aliyempokonya ubingwa, unamwelewa, gemu 34 na kati ya hizo 25 zikaisha droo. Dawa aliyopendekeza ndiyo hiyo umesikia, bodi ya 10 kwa 8, kila upande upewe kete mbili mpya na askari 10 badala ya 8. Na wala hakuwa wa kwanza. Pietro Carrera, padri wa Sicily, alishaandika kuhusu kete hizo hizo mbili mwaka 1617, halafu Henry Bird wa Uingereza akazirudisha 1874. Kwa hivyo ni zaidi ya miaka 400 watu wazima wenye akili zao wanarudi kwa wazo moja, hiyo si vituko.

Sasa kabla nikwambie uanze na ipi, kuna kitu nataka tuelewane, juu watu wengi wakisikia "bodi kubwa" wanafikiri ukubwa ndio utamu. Hapana. Ukichukua chesi ya kawaida ukaongeza tu mistari miwili ya viboksi bila kuongeza kete, unapata gemu ya pole pole, mnatembea tu hamkutani. Utamu uko kwa kete, na bodi inaongezwa ndio kete zipate mahali pa kupumua. Wakati unachagua gemu usiulize bodi ina viboksi ngapi, uliza kete zake mpya zinafanya nini na zimepangwaje.

Na hizo kete mbili za Capablanca ni nini? Moja anaitwa kansela, anatembea kama ngome na pia anaruka kama farasi. Mwingine ni askofu mkuu, anatembea kama askofu na pia anaruka kama farasi. Basi, hakuna mwendo mpya wa kujifunza, kila kitu unakijua tayari, kimeunganishwa tu.

Chukua bodi sasa hivi kama iko karibu. Weka kete moja katikati halafu uangalie viboksi 24 vinavyoizunguka, yaani vile 8 vya karibu na vile 16 vya duara ya pili. Hivyo 24 vinagawanyika sawa sawa mara tatu: 8 vya kwenda wima na mlalo, 8 vya kwenda pembe pembe, na 8 vya kuruka farasi. Malkia ana wima na pembe, jumla 16, anakosa vya farasi peke yake. Kansela ana wima na farasi, 16. Askofu mkuu ana pembe na farasi, 16. Unaona? Kuna miendo mitatu ya msingi, na ukiiunganisha miwili miwili unapata kete tatu, lakini chesi ya kawaida imetupatia moja tu, malkia, hizo ndugu zake mbili zikaachwa nje. Ndio maana nikimwonyesha mtu hizi kete haimchukui muda kuzizoea, kila mchezaji ana nusu ya kila moja kichwani tayari.

Huyu askofu mkuu ndiye watu wanamdharau sana mwanzoni. Wanapiga hesabu ya kitabu, ambapo askari ni 1, askofu 3 na farasi 3, basi ni 6, ama tuseme 7. Mholanzi mmoja H.G. Muller, yule aliandika Fairy-Max, programu ya kompyuta ya kucheza chesi za aina hizi, amechezesha kompyuta gemu nyingi sana za majaribio kwa bodi ya 10 kwa 8, akapata kwamba malkia akiwa 9 na nusu basi kansela ni kama 9 na askofu mkuu ni kama 8 na robo tatu. Yaani pengo kati yake na malkia halifiki askari mmoja! Ukiwa na hesabu ya 7 kichwani utambadilisha na ngome na askari wawili ukidhani mmetoka sawa na kumbe umepigwa. Sababu yake nadhani ni hii, askofu wa kawaida amefungwa kwa rangi moja maisha yake yote, sasa farasi aliye ndani yake anamtoa huko, kila akiruka anabadilisha rangi, na farasi naye shida yake ni kwamba ni mfupi hafiki mbali, askofu anamfikisha. Kila mmoja anafunika ubovu wa mwenzake.

Waonyeshe watoto hii (herufi ni safu kutoka kushoto kwa mweupe, namba ni mstari kutoka upande wake): mfalme mweusi yuko a1 peke yake, askofu mkuu mweupe yuko c3. Hakuna kete ingine karibu. Mfalme ameshambuliwa kwa pembe, b2 iko kwa hiyo pembe hiyo hiyo, a2 na b1 zote ni za farasi aliyekaa c3. Imeisha, chekimeti, na kete moja tu. Malkia hawezi kufanya hivyo peke yake kwa kona, lazima asaidiwe. Watoto wakiona hiyo mara moja hawataki tena kulala.

Haya, tuanze na ipi. Usiende kununua kitu bado. Anza na bodi hiyo hiyo ya 8 kwa 8 na seti uliyo nayo, toa malkia wote wawili na useme hiyo kete iliyosimama mahali pa malkia leo ni askofu mkuu. Cheza na mzee jioni kadhaa hivyo. Kisha mbadilishe awe kansela, na hiyo ya kansela kuna Mmarekani Ralph Betza aliitengeneza kama gemu kamili. Mtaona vile openingi zote za simu, yaani hizo muvu za mwanzo walizokariri, zinakufa hapo hapo, juu karibu kila openingi inategemea malkia anaangalia wapi. Hiyo peke yake inaweza kumtosha mzee miezi.

Baada ya hapo nendeni kwa ile ya Yasser Seirawan, bingwa wa Marekani mara nne, aliyoitoa 2007 pamoja na Bruce Harper. Bado ni bodi ya 8 kwa 8 na malkia wako anarudi, lakini kila mchezaji anaanza na kete mbili za ziada zikiwa nje ya bodi, mkononi: ndovu, ambaye ndiye yule kansela, na mwewe, ambaye ndiye askofu mkuu, majina tu yamebadilika. Zinaingiaje? Ukitoa kete ya mstari wa nyuma mahali pake pa mwanzo kwa mara ya kwanza, kile kiboksi kimebaki wazi unaruhusiwa kuweka ndovu ama mwewe hapo, ndani ya muvu hiyo hiyo. Mfano unapeleka farasi kutoka g1 hadi f3 na papo hapo unaweka mwewe g1. Ukimficha mfalme na ngome (kasling, ile muvu moja ambayo mfalme na ngome wanatembea pamoja) unaweza kuweka moja kwa kiboksi cha mfalme ama cha ngome, si zote mbili. Na ukichelewa mpaka kete zote za nyuma zimeshaondoka, pole, umepoteza hiyo haki.

Hapo ndio kuna uzuri, manake kila muvu ya kawaida sasa ina swali ndani yake. Nitoe farasi saa hii bila kuweka kitu, ama niweke? Nikiweka ndovu mapema anaweza kukimbizwa na askari kila mahali, nikingoja sana mwenzangu ataweka wake kwa kona nzuri kabla yangu. Hiyo hesabu ya "lini" haiko kwa kitabu cha kijana yeyote. Ubaya wake, na nausema kama mtu ninayeipenda, ni kwamba bodi ya 8 kwa 8 inajaa. Malkia wawili, ndovu wawili, mwewe wawili kwa viboksi 64, mfalme anakuwa kwa hatari kila dakika na gemu inaweza kuisha kabla chai ipoe. Wengine wanapenda hivyo. Mimi naona mahali hapo ndipo mtu anaanza kuelewa kwa nini Capablanca alitaka viboksi zaidi.

Kwa hiyo tukuje kwa bodi kubwa yenyewe.

Ya Capablanca, ile 10 kwa 8, mpangilio wake kutoka kushoto ni ngome, farasi, askofu mkuu, askofu, malkia, mfalme, askofu, kansela, farasi, ngome, herufi zinaenda a mpaka j. Mfalme akijificha anatembea viboksi vitatu badala ya viwili. Mengine yote kama kawaida. Ningependa mcheze hii kwa heshima ya historia, lakini kuna tatizo moja kubwa la mpangilio na afadhali mlijue mapema. Angalia askari wa i7, yule aliyesimama mbele ya farasi wa kulia wa mweusi. Tafuta nani anamlinda. Ngome iko j8 inaona j7. Kansela yuko h8, anaona h7, na kwa farasi wake anaruka f7, g6, i6 na j7. Askofu yuko g8 anaona f7 na h7. Hakuna mtu anamlinda wa i7! Sasa mweupe anasukuma askari wa d viboksi viwili muvu ya kwanza kabisa, na askofu mkuu wake aliyekaa c1 anafunguliwa njia: d2, e3, f4, g5, h6, mpaka i7. Muvu moja na tayari kuna tisho, na si tisho la askari tu, akifika i7 anashika kansela wa h8, ngome ya j8 na askofu wa g8 kwa mpigo mmoja na hakuna kete ya mweusi inaweza kumla hapo. Mweusi lazima ajibu mara moja, kwa mfano farasi aende h6 azibe njia, pale analindwa na askari wa g7 na i7. Si kwamba gemu imeharibika kabisa, lakini unaona vile mweusi anaanza akiwa ameshikwa shingo kabla hajafikiria chochote.

Watu wengi wamejaribu kurekebisha hiyo. Inayojulikana zaidi ni ya Ed Trice, inaitwa Gothic Chess, mpaka akaichukulia hataza huko Marekani mwaka 2002. Yake inapanga ngome, farasi, askofu, malkia, kansela, mfalme, askofu mkuu, askofu, farasi, ngome, na hapo kila askari ana mlinzi tangu mwanzo, unaweza kukagua mmoja mmoja na watoto, ni zoezi zuri. Mkiamua 10 kwa 8, chezeni huo mpangilio.

Lakini kama unaniuliza mimi ni gemu gani ya bodi kubwa imetengenezwa vizuri kuliko zote, nitakwambia Grand Chess bila kufikiria mara mbili. Ilitengenezwa na Mholanzi mwingine, Christian Freeling, 1984. Bodi 10 kwa 10. Kete ni zile zile mbili, ila yeye kansela anamwita mashali na askofu mkuu anamwita kadinali. Alichofanya Freeling ambacho wengine hawakufanya ni kupanga jeshi kwa mistari mitatu. Mstari wa kwanza wa nyuma kabisa una ngome mbili tu, moja kila kona, a1 na j1, katikati ni wazi kabisa. Mstari wa pili ndio una wakubwa, kuanzia b mpaka i: farasi, askofu, malkia, mfalme, mashali, kadinali, askofu, farasi. Mstari wa tatu ni askari 10.

Fikiria hiyo inaleta nini. Kwanza ngome zako zinaonana tangu muvu ya kwanza, unaweza kupeleka ngome yoyote nyuma ya askari yeyote unayetaka bila kuhangaika, ndio maana hakuna ile sheria ya kumficha mfalme na ngome, haihitajiki. Pili, askari wako mstari wa 3 na wa mwenzako mstari wa 8, katikati yao kuna mistari minne mitupu, na ukihesabu kwa chesi ya kawaida, mistari ya 3, 4, 5 na 6, ni minne pia. Bodi imekuwa kubwa lakini majeshi hayajaenda mbali, nafasi iliyoongezwa imewekwa nyuma na kando ambapo kete nzito zinaihitaji. Hapo ndipo nikasema ukubwa peke yake si kitu, ni wapi umeuweka.

Na askari wakifika juu sheria yake ni kali kidogo, naipenda sana. Anaweza kugeuka kete ingine akifika mstari wa 8 ama wa 9 kama unataka, akifika wa 10 ni lazima, lakini anageuka tu kuwa kete ambayo wewe ulishapoteza. Hujapoteza kitu? Basi hawezi kuingia mstari wa 10, anakaa hapo wa 9 akingoja, ingawa bado anaweza kumtisha mfalme. Hiyo inabadilisha kabisa mawazo ya kubadilishana kete, juu malkia wako akiliwa unajua kuna mlango wa kurudi.

Kuna kitu kingine lazima mzee akijue akihamia 10 kwa 10, thamani za kete za kawaida zinasonga. Farasi kwa bodi ya 8 kwa 8 ukipiga hesabu ya wastani kwa viboksi vyote ana muvu 5.25, kwa 10 kwa 10 anapata 5.76 tu, karibu hajaongeza kitu. Askofu anatoka 8.75 mpaka 11.4. Ngome inatoka 14 mpaka 18. Kwa hivyo yule farasi ambaye mzee amezoea kumbadilisha na askofu bila uchungu, kwa bodi kubwa hapo amepata hasara ama faida ya kweli kutegemea ameshika upande gani. Farasi wapelekwe katikati mapema, wakibaki pembeni ni wageni wa gemu mpaka mwisho.

Hili la farasi kudhoofika ndilo lililowafanya wengine watafute dawa tofauti, badala ya kuunganisha kete wakaongeza za kuruka. Omega Chess ya Daniel MacDonald wa Canada, 1992, ni hivyo. Bodi 10 kwa 10 halafu kuna kiboksi kimoja kimoja kimetokeza nje ya kila kona, jumla 104, na wachawi wanakaa kwa hizo kona. Mchawi anaruka kama farasi mrefu, tatu halafu moja pembeni, ama anasonga moja kwa pembe, na habadilishi rangi yake kamwe. Kuna pia championi, yeye anasonga moja wima ama mlalo, ama anaruka viboksi viwili upande wowote, wima, mlalo au pembe. Kwa kuwa majeshi hapa yako mbali, askari anaruhusiwa hatua tatu muvu yake ya kwanza. Ni gemu tulivu zaidi, ya kujenga, mzee akiwa mtu wa subira ataipenda kuliko ya Seirawan.

Na kuna moja watoto wako watafurahia jina tu, Wildebeest Chess, chesi ya nyumbu, ya R. Wayne Schmittberger, 1987, bodi ya 11 kwa 10. Huko kuna ngamia wawili, wanaoruka tatu na moja, na nyumbu mmoja ambaye ni ngamia na farasi kwa mwili mmoja. Schmittberger alitaka usawa, kete tano za kuteleza yaani malkia, ngome mbili na askofu wawili, dhidi ya tano za kuruka yaani farasi wawili, ngamia wawili na nyumbu. Alafu kitu kingine, ukimfungia mwenzako mpaka hana muvu hata kama mfalme wake hajashambuliwa, hapo hakuna droo, umeshinda. Watoto huwa wanalia sana wakipata droo ya namna hiyo kwa chesi ya kawaida wakiwa na malkia wawili juu, hapa hawalii.

Za kale ni nyingi na sitaingia sana. Ujerumani walicheza bodi ya 12 kwa 8 kwa mamia ya miaka, ile ya tarishi, na huyo tarishi alitembea kama askofu wa leo wakati askofu wa kawaida wa enzi hizo alikuwa anaruka viboksi viwili tu. Enzi za Timur huko Asia ya Kati kulikuwa na bodi ya viboksi 112, ina ngamia na twiga, na viboksi viwili vya kujihifadhi vimetokeza pembeni, mfalme akikimbilia kile cha adui anapata droo. Wajapani nao wana chu shogi, 12 kwa 12, kete 46 kila upande, na simba ambaye anaweza kutembea mara mbili kwa zamu moja akala wawili. Hiyo ni gemu ya maana sana na siku moja mje kwake. Ile nyingine yao ya 36 kwa 36 yenye kete 402 kila mtu, taikyoku, isomeni tu, msiicheze.

Vifaa sasa, manake hapa Nairobi huwezi ingia duka uulize kansela. Nunua seti mbili za plastiki zinazofanana kabisa, saizi moja. Hizo zinakutosha karibu kwa kila gemu nimetaja hapo juu ukitoa za kale. Kila rangi utakuwa na askari 16, unahitaji 10 ama 11. Ngome 4, askofu 4, farasi 4, malkia 2. Chukua ngome moja ya ziada umfunge rababendi shingoni, huyo ni kansela. Chukua askofu mmoja wa ziada umfunge rababendi, huyo ni askofu mkuu. Rababendi maana yake "huyu ana farasi ndani", mtoto wa miaka saba anashika mara moja. Kwa ile ya nyumbu farasi wa ziada wawe ngamia na malkia wa ziada awe nyumbu, kwa Omega ngome na askofu wa ziada wanakuwa championi na wachawi.

Bodi usihangaike kuchora. Nenda kwa wale wanaoprinti mabango River Road, waambie unataka vinaili, kila kiboksi sentimita 5 na nusu, 10 kwa 10 inakuwa sentimita 55, uache pembezoni sentimita 6 kila upande ya kuandika herufi na namba, na uchoree vile viboksi vinne vya kona hapo hapo nje. Jumla ni sentimita 67. Bodi hiyo moja ni ya Grand, ni ya Omega, na ukikunja mistari miwili ya mwisho chini yake inakuwa 10 kwa 8. Hakikisha kabla ya kulipa kwamba kiboksi cha a1, mkono wa kushoto wa mweupe, ni cheusi, wao wanaweza kugeuza. Mkiwa mmezoea na mnataka kitu kizuri cha kukaa sebuleni kwa mzee, wachongaji wa mawe ya Kisii wanatengeneza seti za chesi tayari, ukimchorea fundi farasi mwenye kichwa cha ngome atakuchongea, bei mtaelewana.

Kuhusu watoto, hapa nitakuwa mkali kidogo. Mtoto ambaye bado anasahau askari anakula wapi, usimwonyeshe hizi. Mwache amalize chesi ya kawaida kwanza, ajue kumaliza gemu kwa ngome na mfalme, ndio umpe askofu mkuu. Yule ameshaiva hawezi kuharibika, mimi naona kinyume, anaanza kuona mashambulizi ya farasi kutoka mbali juu amelazimika kuyatafuta kila muvu. Kitu kimoja tu, wiki ya mashindano msicheze, manake macho yanabaki yakiona muvu ambazo haziko, mtoto anaangalia askofu wake na kwa kichwa anamwona akiruka. Siku chache zikipita inatoka yenyewe. Na mkianza Grand Chess wape muda mrefu kwa saa, mara mbili ya ule wa kawaida, kete ni nyingi za kuangalia na mtoto akikimbizwa atapoteza kadinali muvu ya nne alafu achukie gemu yenyewe.

Na usiku ukichoka kucheza na mzee, mfungulie Pychess kwa simu ama laptopu, ni ya bure, iko na ya Capablanca, ya Seirawan na Grand Chess, anaweza kucheza na watu wa dunia nzima au na kompyuta inaitwa Fairy-Stockfish ambayo unaipunguza nguvu mpaka ilingane na yeye. Mwanzishie na Seirawan kwa nguvu ya chini, umwekee kwanza gemu za kutazama bila kucheza aone vile ndovu wanaingia, alafu umwachie kiti.